Kola ya Shangazi

Taa ya kola shingoni mwa farasi ilikuwa nyekundu tena, na Tusekile Sanga akatamani kuing'oa aitupe kwenye lundo la samadi.

"Muulize tena," alisema.

"Nimeshamuuliza mpaka yeye mwenyewe amechoka, dada Tuse." Ambakisye, mtunza farasi wa kituo, alishika kamba ya Shangazi kwa mkono mmoja na kwa mwingine alikuwa anajipangusa manyunyu usoni. "Jibu lake ni lile lile."

"Muulize tena nimesema. Kwani ukibonyeza kidole kitakatika?"

Ambakisye akabonyeza. Kola ikatoa mlio mdogo wa kukwaruza. Shangazi alikuwa farasi jike wa rangi ya udongo mbichi, mwenye mgongo mpana kuliko farasi wote wa Kituo cha Isalala, ambako wagonjwa walitibiwa viungo kwa kupandishwa farasi, na mpole kiasi kwamba watoto wenyewe ndio waliompa jina hilo. Akalaza masikio nyuma. Akahema. Akageuza kichwa kuelekea uwandani, ambako ukungu wa Kitulo ulikuwa umefunika majani yote hadi kwenye uzio. Taa ikasitasita kidogo, kisha ikatulia pale pale. Nyekundu.

"Aka! Huyu ana nini huyu?"

"Labda na yeye amechoka kuulizwa."

"Ambakisye, usinichekeshe, sina hali hiyo leo."

Kabla ya Sheria ya Ridhaa mambo yalikuwa rahisi: mtoto analetwa, farasi anatandikwa, kazi inaanza. Halafu wakaja watu ambao hawajawahi hata kukwangua ukwato mmoja, wakasema mnyama anayefanya kazi lazima aulizwe kwanza. Na kola yao wakaja nayo. Haisomi mawazo, walilisema hilo mpaka wakachosha masikio ya watu. Inachofanya ni kumkumbusha. Ukitaja jina la mpandaji na kubonyeza Uliza, vinundu vidogo vinavyogusa ngozi ya shingo vinauamshia mwili wa farasi kumbukumbu ya mtu huyo, uzito wake, harufu yake, namna anavyokaa. Kisha kola inasikiliza kama mwili huo unaisogelea kumbukumbu au unaikimbia. Kijani ni ndiyo. Nyekundu ni hapana. Na ili wakaidi wasijifanye hawakuiona taa, mkanda wa tumbo wa tandiko umeunganishwa na kola yenyewe, kwa hiyo taa ikiwa nyekundu kifungo hakifungi hata ukisukuma kwa goti.

Jana Tusekile alikuwa amesukuma kwa goti.

Tangu sheria ianze Shangazi hakuwahi kumkataa mtoto hata mmoja. Wakaguzi walikuwa wakija wanampiga picha. Sasa wiki hii mvua imekata barabara, malori hayapandi, chakula cha farasi kimebaki nyasi tupu, na katikati ya balaa lote hilo Shangazi naye ameona ndio wakati wa kuwa na maoni. Tusekile alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, alikuwa amesomea misuli na mifupa, na hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia utafanya nini siku dawa yako ikikataa kazi.

Gari la umeme la kijiji likasimama langoni. Mama Bupe akashuka na mwanawe mgongoni, kwa sababu kiti cha magurudumu kisingepita kwenye lile tope. Bupe alikuwa na miaka tisa na miguu mirefu. Ilining'inia hadi karibu na magoti ya mama yake, imekazana, mmoja juu ya mwingine.

"Dada Tuse, habari za asubuhi."

"Salama, mama. Poleni na tope."

"Tumeshapoa. Haya, Shangazi wetu amelala vizuri?" Kisha Mama Bupe akaiona taa, na uso wake ukabadilika. "Usiniambie."

"Amekataa."

"Na leo? Juzi amekataa, jana amekataa, na leo? Dada Tuse, Alhamisi ni keshokutwa!"

Tusekile aliijua Alhamisi kuliko alivyoijua siku yake ya kuzaliwa. Bupe alizaliwa na mtindio wa ubongo. Misuli yake ilikaza bila kuamriwa, na miaka yote hiyo ya kukaza ilikuwa inaivuta nyonga ya kulia taratibu itoke kwenye shimo lake. Daktari wa mifupa kule Mbeya alitaka kupasua: kukata misuli, kuchonga mfupa, kisha plasta kuanzia kifuani hadi miguuni. Ila mara ya mwisho alipima, akapima tena, akasema subirini, nyonga imeanza kurudi. Endeleeni na farasi. Alhamisi nileteeni, miguu ikiachana kama leo, kisu tutakiweka pembeni na mtaendelea na farasi hadi mwaka uishe.

Maana juu ya mgongo ule mpana miguu ya Bupe iliachana yenyewe. Hatua ya Shangazi ilikuwa ndefu na ya pole, na kila alipotembea, nyonga za mtoto aliyekaa juu zilikwenda kama zinavyokwenda nyonga za mtu anayetembea kwa miguu yake. Farasi wengine walijaribiwa. Waziri alikuwa na hatua fupi za haraka, kama mtu anayewahi mkutano, akamkaza mtoto zaidi. Ndulele alikuwa mwembamba. Hata farasi wa mashine kule Mbeya alijaribiwa, na Bupe alimtapikia.

"Shan-gazi," Bupe alianza kusema mgongoni kwa mama yake. Maneno yake yalichukua muda kutoka; kidevu kilitangulia, kisha mdomo ukahangaika.

"Anauliza Shangazi anaumwa?" mama yake akamalizia.

"Haumwi," Tusekile akasema. "Tumempima kila kitu. Moyo mzima, miguu mizima, mgongo hauna kidonda. Ana kiburi tu."

Bupe alitikisa kichwa, kuonyesha kwamba hilo silo alilotaka kuuliza. Lakini mama yake alikuwa ameshageuka kurudi kwenye gari, na Tusekile alikuwa ameshaanza kugombana na kola.

* * *

Jioni ya siku hiyo hiyo barabara ilifunguka, na lori la kwanza kupanda lilikuwa na magunia ya pumba na madumu ya molasi. Ambakisye alichanganya ndoo nzima kwa furaha ya mtu anayewapikia wanawe, akaimimina kwenye hori. Shangazi alikuja mwenyewe, masikio mbele.

"Hebu tumuulize sasa hivi," Ambakisye akasema. "Kwa Bupe." Akabonyeza.

Kijani.

Tusekile aliruka. Alimkumbatia Ambakisye, akamkumbatia na farasi, akachafuka molasi begani. "Si nilikuambia? Si nilikuambia kola ndiyo mbovu? Ilikuwa imelowana! Mpigie Mama Bupe, mwambie kesho asubuhi aje. Hapana, ngoja, nampigia mwenyewe. Ngoja kwanza. Muulize tena, nisije nikampigia mama wa watu kwa bahati nasibu."

Akauliza tena. Kijani. Shangazi alikuwa ameinua kichwa, anatafuna, molasi ikimdondoka kidevuni. Ambakisye akaivuta ndoo nyingine aipeleke kwa Waziri, akalifunika na hori ili Shangazi asimalize chote kwa mara moja.

"Mara ya mwisho," Tusekile akasema, akabonyeza.

Nyekundu.

Walitazamana. Ambakisye akalifunua hori. Tusekile akabonyeza. Kijani. Akalifunika. Nyekundu. Walirudia hivyo mpaka Shangazi akaanza kupiga ukwato chini kwa hasira, maana hakuna anayependa kufunguliwa na kufungiwa chakula.

"Loo," Ambakisye akasema polepole.

Tusekile alikwenda kwa Waziri, ambaye alikuwa hajaletewa ndoo, akamuuliza watoto wake wote. Kijani, kijani, kijani, mmoja nyekundu. Ndulele, kijani wote. Akarudi kwa Shangazi, hori limefunikwa, akaanza kutaja majina, hata ya wale ambao mvua iliwazuia kuja wiki hii. Bupe, nyekundu. Yule mtoto mdogo wa mwalimu, nyekundu. Mzee aliyepooza upande mmoja, ambaye humwimbia Shangazi nyimbo za kanisani na kumletea karoti, nyekundu. Siyo Bupe peke yake aliyekataliwa. Wote walikuwa wamekataliwa.

"Tulikuwa tunamuulizia wapi siku zote?" Tusekile aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Hapa. Asubuhi. Akishakuwa na chakula mbele yake."

"Kwa nini hapa?"

"Dada Tuse, si ndivyo tulivyolelewa?"

Ndivyo. Kwa kina Tusekile, na kwa kina Ambakisye vilevile, mtu haulizwi jambo zito tumbo likiwa tupu. Mgeni ananawa, anakula, anapumua, ndipo anaulizwa kilichomleta. Kola zilipofika, hakuna aliyekaa akafikiria. Waliona aibu tu kumhoji mnyama kabla hajala. Sheria ilisema aulizwe kila siku, kwa kila mpandaji. Haikusema aulizwe wapi. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa heshima zote, walimtengea Shangazi pumba na molasi, wakamuuliza kama anakubali, na akakubali. Alikuwa anaikubali ndoo. Wiki hii ndoo haikuwepo, ndipo wakasikia jibu lake.

"Miaka yote hii," Tusekile akasema. "Miaka yote hii, Ambakisye!"

"Sasa sikiliza." Ambakisye alijiegemeza kwenye nguzo. "Usiniangalie hivyo, nisikilize kwanza. Sheria imesema uliza. Tumeuliza. Haijasema uliza akiwa na njaa."

"Unajua tunachokifanya."

"Najua. Hata mimi nakuja hapa kwa sababu ya mshahara. Ukinivalisha hiyo kola Jumatatu asubuhi, kuna baridi, mvua inanyesha, mke wangu amelala, ukiniuliza bila kunitajia mshahara, taa yangu ni nyekundu ya damu. Lakini nakuja. Nani anakuja kunililia mimi?"

"Wewe ukipokea mshahara unajua unalipwa kwa kazi gani. Yeye akiiona ndoo anaijua ndoo tu. Bupe anamsahau kabisa. Kola inamkumbusha Bupe, yeye anakumbuka molasi!"

"Na Bupe je?" Ambakisye akauliza. Hakuwa anabishana tena. "Nyonga ya Bupe inajua habari za molasi?"

Tusekile alikaa kwenye gunia. Alijisikia kulia, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakujua amlilie nani. Angekuwa farasi mgonjwa, angemtibu. Ingekuwa kola mbovu, angeitengeneza au angeipiga jiwe. Lakini farasi alikuwa mzima na kola ilikuwa nzima, na farasi mzima alikuwa anasema kwa mwili mzima kwamba hataki tena kubeba watu. Amebeba vya kutosha. Na mtoto aliyemhitaji hakuwa na mgongo mwingine wa kukalia katika uwanda wote ule. Tena siyo kwa siku moja ya Alhamisi. Ni kila wiki, hadi mwaka uishe.

"Kamwongezee pumba," alisema mwishowe. "Angalau ale kwa amani."

* * *

Jumatano asubuhi Tusekile aliibeba ndoo mwenyewe. Uamuzi aliufikia akiwa anapiga mswaki, na alikuwa amejiridhisha kabisa: mtoto ni mtoto, farasi ni farasi, na Alhamisi ni kesho. Kama ni dhambi, ni yake. Angeitubu baadaye, nyonga ya Bupe ikiwa mahali pake. Ambakisye, ambaye kwa kawaida neno halimkai mdomoni, aliiona ile ndoo akaenda tu kuchukua tandiko.

Walimleta Shangazi kando ya jukwaa la kupandia, lile la mbao lenye mteremko wa kupandishia viti vya magurudumu. Tusekile akamwekea ndoo mbele, akataja jina la Bupe, akabonyeza. Kijani. Kifungo cha mkanda kikafunga kwa mlio mmoja safi. Siku zote hizo alikuwa anautamani mlio huo, na sasa ulimchefua.

Mama Bupe alipiga kigelegele palepale juu ya jukwaa, mikono bado iko kwenye kiti cha Bupe, ambacho Ambakisye alikuwa amekibeba kukivusha tope. "Nilijua tu! Nilimwambia Bupe jana, Shangazi hawezi kututupa. Alikuwa na nini? Tumbo?"

Angeweza kujibu hivyo: tumbo. Neno moja, na wangeendelea na kazi. Lakini Tusekile alikuwa na hasira tangu jana, na hasira haijui kudanganya vizuri.

"Hakuwa na kitu. Bado hataki. Ni hizi pumba ndizo zinazomfanya akubali. Ukiondoa ndoo anakataa, ukirudisha anakubali."

"Sijakuelewa."

Akamweleza yote. Walizungumza juu ya kichwa cha Bupe, kama walivyozoea kuzungumza mambo yake yote, ya dawa, ya mfupa, ya baba yake. Mama Bupe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapumua kwa nguvu.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimeona nikuambie."

"Umeniambia. Sasa na mimi nikuambie. Nimembeba huyu mtoto miaka tisa. Nikilala siwezi kugeuka, mgongo umeshakufa. Nalima viazi huku namtazama, navuna huku namtazama. Baba yake alipoondoka, hakuna aliyekuja kunivalisha taa shingoni aniulize kama nakubali kubaki. Mimi nani aliniuliza, dada Tuse? Farasi kala pumba, kashiba, anaombwa mizunguko miwili ya uwanja, ndio tuite mahakama?"

"Sikatai, mama."

"Kama hukatai, mpandishe mtoto."

Tusekile alikuwa hakatai kweli. Aliinama, akampitishia Bupe mikono kwapani, akajiandaa kumwinua.

"Sitaki," Bupe akasema.

"Baridi tu hiyo, mwanangu," mama yake akasema. "Ukishakaa utapata joto la—"

"Si-taki." Kidevu kilikuwa kimetangulia, shingo imejikaza, na macho yalikuwa juu ya ndoo. "Shangazi hataki."

"Bupe. Shangazi ni farasi. Farasi hajui mambo ya nyonga yako."

"Ana kola." Bupe alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. Safari hii hakuna aliyemmalizia, kwa sababu hakuna aliyejua anaelekea wapi. "Mimi sina."

Ambakisye aliinamisha uso. Tusekile alibaki ameinama, mikono yake bado kwenye kwapa za yule mtoto, na akausikia mwili wenyewe, mgumu kutoka kisogoni hadi visigino, ukimkataa kwa kila msuli uliokuwa nao. Haukuhitaji taa. Wala haikuwa mara ya kwanza. Alikuwa ameusikia kwenye mkeka wa kunyooshea miguu, akausikia kwenye vyuma vya kufungwa miguuni usiku, akausikia kila Jumatatu na kila Ijumaa, na "sitaki" ile ile, na yeye kila mara akajibu vumilia kidogo mama, tunamaliza sasa hivi. Aliichukulia kama sehemu ya kazi. Mlango wenye kutu unalia, unaendelea kuufungua.

Akamwachia. Akanyooka, na magoti yakamuuma.

"Mvue tandiko," alimwambia Ambakisye. "Na hiyo ndoo ondoa."

"Dada Tuse!" Sauti ya Mama Bupe ilipanda. "Kesho ni Alhamisi!"

"Najua."

"Hujui! Wewe Alhamisi utakuwa hapa na farasi wako, mimi nitakuwa kwenye korido nasubiri mwanangu atoke amepasuliwa. Unajua nini wewe?"

Hilo lilikuwa kweli. Ambakisye alikuwa ameshaondoa ndoo. Taa iligeuka, kifungo kikaachia, na tandiko likateleza mikononi mwake. Tusekile alikaa chini, kwenye mbao zilizolowa, mpaka uso wake ukawa chini kidogo ya uso wa Bupe. Alikuwa hajawahi kumwona kutoka hapo. Kila siku aliona utosi.

"Bupe," alisema. "Mimi sijawahi kukuuliza kitu. Sasa nakuuliza, na nitakueleza yote, hata mabaya. Sawa?"

Bupe alimtazama bila imani hata kidogo.

"Kuna kisu. Watakulaza usingizi, watakata misuli hapa na hapa, watachonga mfupa, wataurudisha. Utavaa plasta kubwa, wiki nyingi. Inaweza kusaidia, na inaweza isisaidie sana. Au kuna Shangazi na ndoo. Kila wiki, hadi mwaka uishe. Hiyo nayo inaweza kusaidia. Lakini utakuwa umekaa juu ya mtu asiyekutaka, na sasa unajua. Au tusifanye lolote. Mfupa utatoka kabisa, na baadaye hata kukaa kwenye kiti kutauma. Ni hayo. Nimetafuta la nne tangu jana, sijalipata, na nina hasira mpaka meno yananiuma."

"Dada Tuse, huyu ni mtoto," Mama Bupe akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Atajibu nini?"

"Sijui."

"Akisema hapana kwa yote?"

"Sijui, mama. Kweli sijui."

Walingoja. Manyunyu yaliendelea. Shangazi, mgongo mtupu, alijitikisa maji na kwenda kula nyasi kando ya uzio, na hakuna aliyemfuata. Mama Bupe alitaka kusema kitu. Tusekile akainua kiganja, na yule mama, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akakubali kunyamazishwa. Mdomo wa Bupe ulihangaika muda mrefu.

"Kwenye plasta," alisema, "nitakojoa wapi?"

Ambakisye alikohoa. Tusekile hakucheka. "Wanaacha tundu. Wanaweka na nepi."

"Nepi!"

"Ndiyo. Nisikudanganye."

Bupe alilitafakari hilo kwa kinyaa cha mtu mwenye miaka tisa. "Itauma?"

"Sana. Na mimi nitakuja kukunyoosha baada ya hapo, nayo itauma. Utanichukia."

"Nakuchukia sasa."

"Haya," Tusekile akasema. "Haki yako."

Mama Bupe alikuwa anapangusa macho kwa ncha ya kanga. Alipiga magoti upande wa pili wa kiti, kwenye maji, akashika mkono wa mwanawe, ule unaojikunja, akaukunjua kidole kimoja kimoja kama anavyofanya kila siku. "Niambie basi, mama. Kesho daktari anataka jibu. Nimwambie nini? Unakubali? Hukubali?"

"Bado nafikiri."

"Utafikiri mpaka lini?"

Bupe alimtazama farasi kule kwenye uzio, kisha Tusekile, kisha mama yake. Alichukua muda wake wote, na watu wazima watatu wakamsubiri kwenye mvua.

"Niulize kesho," alisema. "Asubuhi. Kabla hujanipa chapati."

Mkono wa Mama Bupe, uliokuwa tayari umeingia kwenye kikapu cha chapati kando ya kiti, ukasimama pale pale.